Jopo la Kahawa na Koo Langu

Hapa Bagamoyo hospitali utapanga foleni, lakini kijiweni kwenye kahawa na kashata utatibiwa hata kama hukusema unaumwa. Ugonjwa wangu ni kukoroma. Mke wangu alimnong'oneza wifi yake mlangoni, na nilipofika barazani jioni nikakuta jopo limeshakaa.

Akaanza mzee mmoja tunayemheshimu. "Anayekoroma, mwanangu, amelala. Mwenye dhiki hakoromi." Ushahidi wake ni marehemu baba yake, aliyekoroma ujana mpaka uzee akafika miaka tisini. Nikauliza, kwa adabu zote, waliokoroma wakafa mapema wao nani atawasemea? Nikaambiwa nisibishane na wakubwa.

Lakini ukweli ni huu. Usingizini misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hubana, na nyama laini za nyuma ya kinywa hutikisika hewa inapopenya. Kelele ndiyo hiyo. Kwa baadhi ya watu njia huziba kabisa, pumzi inasimama sekunde kumi au zaidi, mwili unashtuka, inarudi, inasimama tena, usiku kucha. Mtu huyo amelala kwa saa nane, asubuhi anapanda gari la Makumbusho, Dar, na kufika Zinga tu, njiani, ameshainamia bega la abiria asiyemjua. Mzee wangu anasema huyo amelala usingizi wa pono. Pono wa watu hata hakoromi.

Nikataja mazoezi ya kupunguza mwili, akafuata kijana wa bodaboda. Yeye hoja yake ni kwamba mazoezi yananenepesha. "Waangalie wanaokimbia alfajiri njia ya Kaole. Wote vitambi!" Nikamwambia, waliolazwa wodini nao wote ni wagonjwa, je, wodi ndiyo iliyowaumiza? Akafikiri kidogo, akasema: "Nyingine, ndiyo." Hapo nikakosa jibu, maana jopo zima lilimpigia makofi.

Jirani yangu akaunga mkono. Naye alijiunga na kikundi cha mbio za Jumamosi na badala ya kupungua akaongezeka, kwa hiyo mazoezi ni uongo wa watu wa Dar. Anachoacha kusimulia ni kinachofuata baada ya mbio: supu, chapati mbili, soda baridi, na stori mpaka saa tano. Kutembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida huunguza takriban nguvu ya chapati moja iliyokolea mafuta. Yeye anahesabu kilomita tu, chapati anamwachia Mungu.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kitambi changu chenyewe. Kilipoanza kujitokeza, mashangazi walinisifu: nimenawiri, ndoa imenikubali, mke wangu apewe zawadi. Sasa kitambi kilekile, usiku, ni mshitakiwa. Mchana heshima ya familia, usiku mhalifu!

Na hukumu ikatoka: punguza unene, mwembamba hakoromi. Aliyetoa hukumu hiyo ni mvuvi mwembamba ambaye wenzake hawataki kulala naye chombo kimoja. Wembamba nao hukoroma, kwa pua iliyoziba, kwa mafindofindo, kwa taya fupi, kwa kulala chali, na kwa tembo la mnazi, ambalo hulegeza koo zaidi. Lakini tusimtupe mvuvi na hoja yake yote. Mafuta ya shingoni hubana koo kweli. Mwaka 2000 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya watu 690 waliopimwa kwa kipindi cha miaka minne: aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10, kukatika kwake pumzi usingizini kuliongezeka kwa takriban asilimia 32, na aliyepungua kiasi hicho kulishuka kwa takriban asilimia 26. Miaka minne, mabwana. Sisi tunahukumu kabla kahawa haijapoa.

Tena mambo haya huzunguka. Asiyelala vizuri huamka na uchovu na njaa, anakula, hatembei, ananenepa, anakoroma zaidi. Ukiuliza kipi kimeanza, jopo litajibu bila kusita, na litakosea.

Nikafanya kosa la kuwasimulia habari za Waswisi. Mwaka 2006 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha jaribio la wagonjwa 25 wa Uswisi. Waliofundishwa kupuliza didgeridoo, tarumbeta ndefu ya wenyeji wa Australia, kwa miezi minne walipata nafuu ya pumzi na ya kusinzia mchana. Watu 25 ni wachache, nikasisitiza. Nani asikilize? Mmoja akasema basi nipelekwe TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, nikafundishwe zumari. Mwingine akapinga papo hapo: anamjua mpiga zumari anayekoroma, kwa hiyo Waswisi waongo. Mzee akafunga kesi: zumari usiku huita mashetani.

Siku hizi natembea jioni mpaka Kaole, chapati nimepunguza, nalala ubavu. Jopo linasema nimekonda, huenda nina ugonjwa.

Nawe msomaji, kama unayelala naye anakoroma, ananyamaza kabisa, kisha anashtuka akihema, usimlete kijiweni kwetu. Mpeleke hospitali, na uende naye wewe uliyemsikia, kwa sababu yeye atamwambia daktari kwamba analala vizuri sana.