Nivute Pumzi, Nivute na Vumbi

Ofisini kwetu hapa Voi watu walipoanza kuumwa vichwa, migongo na vitu visivyo na jina, wakubwa waliona dawa ni semina. Si kuajiri watu wa kukalia viti vilivyo wazi tangu mwaka jana. Semina. Akaja dada mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi huku tukihesabu hadi nne, tuiachie polepole, tuwe hapa na sasa.

Dada, umewahi kuwa hapa? Saa nane mchana Voi ukivuta pumzi hadi chini, unavuta na nusu eka ya mtu. Vumbi hili jekundu limewageuza rangi ndovu wa Tsavo, sembuse mapafu yangu. Akasema tusikilize sauti zinazotuzunguka bila kuzihukumu. Nikasikiliza. Barabarani trela la Mombasa lilikuwa likilia breki, na la nyuma likilitukana kwa honi. Nikayahukumu yote mawili.

Kazi ya nyumbani ikawa kuoga kwa utulivu, tukiyasikia maji yakiteremka mgongoni. Maji yapi? Ya chemchemi za Mzima, zilizo kaunti hii hii yetu, yamo ndani ya bomba yanakimbilia Mombasa. Mimi namngoja kijana wa mkokoteni. Naoga kwa kikombe. Utulivu ninao tele, maana nikiharakisha hayafiki miguuni.

Lakini kazi nyingine, kunywa chai bila simu, hiyo ilinifaa. Naketi kibarazani, naitazama milima ya Sagalla, nakunywa taratibu, na mabega yanashuka yenyewe. Ndipo kundi la WhatsApp la ofisi linapoamka.

Siyadharau mambo haya ya pumzi na utulivu. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianza kuyafundisha kwa wagonjwa wenye maumivu sugu huko Massachusetts mwaka 1979, na kozi yake ni ya wiki nane. Sisi tulipewa alasiri moja na soda. Tena Shirika la Afya Duniani, lilipoufafanua uchovu huu wa kazi, yaani burnout, mwaka 2019, halikuuita ugonjwa. Lilisema ni jambo la kazini, linalotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Wa kazini, jamani! Sasa kwa nini anayehesabu pumzi ni mimi, na si aliyepanga kazi?

Wataita wa zamani, wenyeji wa huku kwetu, walilijua hili kabla ya semina. Walikuwa na kutasa: mtu anajaza kinywa maji au pombe ya miwa, anaipuliza nje, huku akitamka kwamba hasira imemtoka moyoni na kuwaombea wenzake heri. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiandikia desturi hiyo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1978. Kinachonikosha mimi ni nani aliyetakiwa kupuliza. Mtoto akiugua, hakuambiwa mtoto afumbe macho. Mpiga ramli alitafuta ni nani mwenye kinyongo kinachomwumiza, mara nyingi mkubwa fulani wa ukoo, na mwenye kinyongo huyo ndiye aliyesimama akajaza kinywa mbele za watu.

Basi kwenye fomu ya maoni, penye swali la nini kiboreshwe, nimeandika kwa herufi kubwa: semina ijayo wakubwa wakae mbele, kila mmoja na kikombe chake, na aanze yule anayetuma barua pepe saa tano usiku akiandika "haraka sana". Apulize mpaka imtoke yote. Maji nitaleta mimi, ila ni nusu mtungi tu, kwa sababu yule kijana wa mkokoteni amesema naye amechoka, anapumzika hadi Jumatatu.