Lori la Mzee na Mfuniko wa Sufuria

Bedford ya Mzee iliegeshwa chini ya mgunga, hapa kwetu Emali, mwaka 2009, wakati wa ukame ule uliomaliza ng'ombe wa Kajiado na kukausha mahindi ya Makueni yakiwa bado urefu wa goti. Hakukuwa na mzigo wa kubeba. Kila aliyeuliza, Mzee alimjibu kwamba gari limepumzika. Lilipumzika mpaka watoto waliozaliwa mwaka huo wakaingia sekondari, na kwa miaka yote hiyo halikukaa bure hata siku moja, maana sisi watu wa boma tulikuwa tukilila polepole, kila mtu kwa meno yake.

Aliyeanza ni Mama. Turubai lilitoka nyuma ya lori kwenda kuanikia ndengu, likakaa huko huko. Betri zikawasha televisheni wakati wa Kombe la Dunia la 2010 halafu zikafa. Shangazi wa Matiliku alikuja kututembelea, akalalamika mgongo, akaondoka na kiti cha abiria ili apate pa kuegemea akipumzika. Kaka yangu, aliye na kinyozi karibu na njia panda ya Loitokitok, alichukua kioo cha pembeni cha kumwonyesha mteja kisogo chake. Tairi moja ilipasuliwa ikawa viatu vya akala, na nina hakika wako Wamaasai wanaotembelea Bedford yetu hadi leo. Nyingine ikawa bembea ya wajukuu. Kilichobaki ndani ya kebini, yaani springi za kiti cha dereva na gunia kuukuu juu yake, kilikuwa cha kuku.

Sasa mvua ya vuli ikanyesha vizuri, ndengu zikabeba hadi matawi yakalala, na vijana wa kanta, yale malori madogo ya kukodi, wakajua. Nauli ya gunia ikapanda. Mzee alisikia bei hiyo akiwa kwa kaka ananyolewa, akarudi nyumbani nusu ya kichwa ikiwa bado haijamalizwa.

"Mimi nina lori uani," akasema, "halafu nimlipe mtoto wa kanta?"

Mama alikuwa anachambua maharagwe. "Kuku anaatamia," akajibu. "Subiri atotoe kwanza."

Na tulisubiri. Fundi alikuja, akafungua boneti, akatazama, lakini mlango wa dereva hakuugusa, kwa amri.

Ni fundi wa umri wa Mzee, aliyejifunzia kazi Sultan Hamud zamani za Bedford na Leyland, na hana haraka na kitu. Bedford yetu ni ile aina ya TJ, ambayo Waingereza walianza kuitengeneza 1958, yenye pua ndefu na injini ya dizeli ya silinda 6. Namba yake ni herufi tatu na tarakimu basi, haina herufi ya mwisho, kwa sababu ilisajiliwa kabla ya 1989, mwaka Kenya ilipoanza zile za KAA. Juu ya kioo cha mbele imeandikwa MUNGU MBELE. Mzee aliinunua mkononi, akaitia kwenye vitunguu na nyanya za Kimana na Loitokitok, enzi barabara ile ilikuwa murami tupu na dereva alikuwa akishuka Emali mwekundu hadi kope. Lami ilipokuja, kanta zikaja nayo. Zinakunywa mafuta kidogo na kukimbia mara mbili. Ukame ulimaliza tu kazi iliyokuwa imeanzwa na lami, ingawa hilo huwezi kulisema mbele ya Mzee.

Fundi alianzia kwenye tangi. Alilegeza nati ya chini, akakinga karai. Kwanza yalitoka maji, maji kabisa, yenye rangi ya kutu. Kisha ukashuka utando mweusi wa utelezi, kama ute wa bamia, halafu ndipo dizeli. Akatuita tuone. Tangi lisilojaa, alisema, hupumua. Mchana joto, usiku baridi, unyevu wa hewa unageuka matone kwenye kuta za ndani na kuteremka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale yanapokutana, vijidudu na ukungu hupata nyumba, vinakula dizeli na kuzaana. Ukipiga stata na uchafu huo ndani, unaupeleka wote kwenye pampu, na pampu ndiyo moyo wa gari na ndiyo bei ya gari. Mama alisikiliza yote hayo kwa makini, kisha akauliza kama ile dizeli mbovu ina mwenyewe. Jioni nguzo zote za ua zilikuwa zimepakwa nayo, kuzuia mchwa.

Mchwa walikuwa wamemtangulia kwenye lori. Sakafu ya mbao ya bodi, ukiikanyaga, mguu unakwenda mpaka kwenye ekseli.

Injini ilikuwa imeganda. Fundi alitoa nozo zote sita, akamimina oili kidogo ndani ya kila silinda, akafunika matundu kwa vitambaa na kwenda zake. Mzee alitaka kujaribu stata. Fundi akamwambia akijaribu, pete za pistoni zitavunjika na yeye hatarudi. Siku zilizofuata alikuja na spana ndefu, akaishika ile nati ya puli ya krenki, akavuta taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, akisikiliza. Halafu asubuhi moja ikasogea robo ya mzunguko, na nikamwona Mzee akigeuka kutazama upande wa Chyulu kwa muda mrefu kidogo, kama mtu aliyeona kitu huko.

Pampu na nozo nilipewa mimi nizipeleke Nairobi. Nilizifunga kwa leso kuukuu nikazitia kwenye kiondo, na kufikia Salama abiria wawili walikuwa wamehama viti kwa sababu ya harufu. Barabara ya Kirinyaga, ambayo mpaka leo watu wanaiita Grogan, unaweza kupata kila kitu isipokuwa unachotafuta. Vijana wa pale hawajawahi kuiona Bedford. Walinishauri ninunue injini ya Isuzu. Mwishowe mzee mmoja, dukani nyuma kabisa, alinyanyuka kwenye kigoda bila kusema neno, akarudi na pakiti ya raba za silinda za breki, zilizotengenezwa Pakistan. Kumbe kule Bedford za umri wa yetu zilifanya kazi miaka na miaka, zimepakwa maua na tausi kutoka bampa hadi mkia, na spea zake zinaendelea kufyatuliwa. Nilimwambia Mzee jambo hilo niliporudi. Alifurahi kwa namna ambayo sikuitegemea, na tangu hapo, kila Mama akiuliza kuhusu gharama, jibu lilikuwa, "Huko Pakistan zinatembea."

Nafanya kazi ya M-Pesa hapa mjini, na kwa hivyo historia ya lori hili naijua kupitia kaunta. Mwanzoni Mzee alikuja kutoa hela mwenyewe, akihesabu mara mbili. Kisha akaja akiulizia salio tu. Baadaye alikuja Mama, akaweka kitambulisho kwenye kaunta bila kunitazama usoni, akasema, "Tuma kwa fundi wa pampu. Na baba yako usimwambie ni ngapi."

Kukusanya viungo vya lori kulikuwa kazi kuliko injini. Shangazi alikubali kurudisha kiti, kwa sharti la kuletewa kochi, au, kama kochi ni ghali, kubebewa mawe ya ujenzi bure. Kaka alileta kioo lakini akakichukua tena Jumamosi, siku ya wateja wengi. Kuhusu turubai Mama hakujadiliana. Ndengu zilikuwa juu yake. Tairi nazo zilitaka hela. Zile zilizobaki zilikuwa na nyufa pembeni za kuingiza ukucha, na fundi akakataa kuzitia upepo akiwa karibu.

Kuku alipototoa, vifaranga wakahamishiwa jikoni kwa heshima zote, ndipo siku ya kuwasha ikawekwa.

Dizeli ikiwa na hewa kwenye mabomba haiwaki, kwa sababu hewa inabonyea na mafuta hayabonyei. Pampu inasukuma, hewa inajikunja, nozo inabaki kimya. Fundi alilegeza nati za mabomba, akamwambia mpwa wangu apige pampu ya mkono. Povu likatoka, likatoka, kisha mapovu makubwa machache, kisha uzi safi wa dizeli usiokatika. Akakaza. Chujio la hewa alikuwa amelifungua, linaoshwa, kwa hivyo bomba la kuingizia hewa lilikuwa wazi. Mzee akapanda, akakalia springi, akapiga stata.

Ilikohoa moshi mweupe, ukageuka wa buluu, halafu silinda zote zikashika kwa pamoja na mgunga mzima ukatikisika. Wajukuu walipiga kelele. Mzee alikuwa akicheka mlangoni. Kisha mlio ukaanza kupanda, bila mtu kukanyaga mafuta, na fundi akapaza sauti, "Zima!"

Mzee akazungusha ufunguo. Haikuzima.

Ufunguo kwenye injini hizi ni wa stata na taa tu. Tangu Rudolf Diesel alipofanikiwa na ile ya kwanza kule Augsburg, mwaka 1897, injini yake haihitaji cheche: hewa inakandamizwa mpaka joto linapita digrii 500, mafuta yakirushwa humo yanawaka yenyewe, na yataendelea kuwaka mradi pampu inatoa. Ili kuzima, unavuta kishikio kilicho chini ya usukani, waya unavuta mkono wa pampu, mafuta yanakatika. Mzee alivuta kishikio kile. Kilimfuata mkononi chenyewe, kifupi, hakikuwa na waya nyuma yake.

Fundi alijaribu kuusogeza mkono wa pampu kwa kidole, lakini ulikuwa umekwama, na injini sasa ilikuwa inalia kama inataka kuondoka bila magurudumu. "Kitu cha kuziba!" akasema, akionyesha bomba la hewa. "Cha bapa!" Nikamwona Mama akitoka jikoni na mfuniko wa sufuria ya muthokoi, sijui kwa nini alikuwa nao mkononi. Fundi akaupokonya, akaubandika kwenye mdomo wa bomba. Ulifyonzwa kwa kishindo, ukabonyea katikati mbele ya macho yetu, na injini ikakohoa mara moja, ikakosa pumzi, ikafa.

Moshi ulipotulia Mama ndiye aliyesema wa kwanza. "Mfuniko wangu."

"Waya uko wapi?" Mzee akauliza. "Ulikuwepo!"

Mama alielekeza kidevu kwenye zizi la mbuzi. Lango lake lilikuwa limefungwa kwa waya wa chuma uliosukwa, mzuri, usioshika kutu. "Huo ndio umezuia fisi miaka yote hii," akasema. "Ulitaka nifunge kwa nini, kwa maombi?"

Mambo ya breki nayapita, kwa kuwa hayachekeshi. Raba za Pakistan zilifaa, na hilo latosha. Ukaguzi ndio uliotuchelewesha. Gari la biashara Kenya lazima likaguliwe kila mwaka, na hili lilikuwa na deni la miaka mingi. Mara ya kwanza lilirudishwa kwa sababu ya breki ya mkono na kioo kimoja cha pembeni. Ilikuwa Jumamosi. Halafu kuna kidhibiti mwendo: tangu zile sheria za barabarani za waziri Michuki zilizoanza kutekelezwa 2004, lori la biashara lenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048 halitembei bila kifaa cha kulizuia kupita kilomita 80 kwa saa. Mzee alimlipa fundi aje alizuie lori ambalo, kwa kumbukumbu za boma zima, halijawahi kupita 60 hata kwenye mteremko likiwa tupu.

Stakabadhi ya ukaguzi ilipopatikana, Mzee aliileta nyumbani ndani ya bahasha, akaita kila mtu, akasema kesho tunapakia ndengu.

Hakuna aliyejibu. Mpwa wangu alitazama chini. Mimi nilikuwa najua tangu mwezi uliotangulia, kwa kuwa hela zilipita kaunta yangu.

"Ndengu zilikwenda," Mama akasema. "Na kanta. Ulifikiri tairi zilitoka wapi? Na pampu?"

Mzee aliketi kwenye kiti cha Shangazi, kilichokuwa bado hakijafungwa kebini.

Mzigo wa kwanza wa Bedford ukawa mawe ya Shangazi, bure kama alivyoahidiwa. Wa pili, kibanda cha mabati cha kaka, aliyekuwa anahamisha kinyozi upande wa pili wa barabara kuu. Wa tatu, mashine ya kuchomelea ya fundi. Ilikuwa mpaka vitunguu vya Kimana vilipoiva, na wenye kanta wote wakawa wamekodiwa, ndipo simu ya mteja anayelipa ikaingia, na Mzee akaiongelea akiwa amesimama katikati ya uwanja ili tusikie.

Jioni hiyo Mama alikuja kazini kwangu, akataka laini mpya ya simu kwa jina lake. Malipo ya lori, alisema, yataingia humo, mpaka ndengu zake zitakaporudi. Mzee hakubisha. Alitafuta rangi nyeupe na brashi, akapiga magoti mbele ya mlango wa dereva, akaanza kuandika namba hiyo kwa herufi kubwa, Mama akimsomea tarakimu kutoka kwenye kikaratasi, akiwa amesimama nyuma yake na mkono kiunoni.

"Hiyo ni saba," akamwambia. "Umeandika moja. Futa."