Jinsi ya Kumpiga Mtoto Picha Masika ya Ogembo Bila Kuuaibisha Ukoo

Ukitaka kuwapiga watoto wadogo picha nje wakati wa masika mjini Ogembo, kubali kwanza kwamba ratiba haiko mikononi mwako. Asubuhi jua huwaka bila hatia yoyote. Ikifika saa tisa alasiri, unyevu uliotoka Ziwa Viktoria umekwisha kupanda vilima vya Gusii na kugeuka ngurumo, na kila aliyeanika nguo yumo mbioni. Vilima hivi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na fungu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei. Mwenye akili zake angengoja Januari. Wewe huna hiari: ni Aprili, shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na jamaa wa Minnesota wameshatuma picha zao.

Mashindano haya hatukuyaanzisha sisi. Wagusii wamejaa Minneapolis na vitongoji vyake, hasa Brooklyn Park, na huko Aprili ndio mwezi ambao theluji hukumbuka kwamba yafaa iondoke. Mzazi aliyefungiwa ndani tangu Novemba akiona tulipu moja imechomoza, huwabeba watoto wote, akawaketisha kando yake na kupiga picha kana kwamba ua hilo amelizaa yeye. Picha hizo hutua kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo saa nane za usiku wetu. Kufikia alfajiri mashangazi wamekwisha kuziwekea mioyo na viganja vya maombi, na nyanya ameuliza kwa sauti ya kurekodi, "Na hawa wetu wa hapa, kwani hawana sura?"

Basi anza kwa kumwogesha mtoto. Msugue hadi ang'ae, kisha mpake mafuta ya mgando ya kutosha kuakisi mbingu. Mvalishe nguo za Sabato. Waadventista ni wengi huku Gusii, na maboma mengi yana sanduku la nguo zinazoonekana Jumamosi tu: suti ya vipande vitatu ya mvulana wa miaka minne, iliyonunuliwa kubwa ili imfae hadi darasa la pili; rinda la msichana lenye tabaka za neti inayowasha; soksi zenye lesi. Nyeupe ndiyo rangi inayopendekezwa. Udongo wetu ni mwekundu, wa aina isiyotoka kwa sabuni ya kipande wala kwa maombi, na hakuna ushahidi bora kwamba familia inajiweza kuliko mtoto mwenye soksi nyeupe aliyesimama katikati ya shamba mwezi wa nne. Kumtoa nyumbani hadi mahali pa picha, mbebe. Kurudi atarudi mwenyewe, kupitia kila dimbwi.

Ile sweta iliyotoboka kiwiko, gambuti, na kofia ya sufu aliyofumiwa na nyanya, vifiche. Ndivyo anavyojulikana navyo kijiji kizima, kwa hiyo havina nafasi katika picha.

Sasa habari za jua. Ogembo iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na jua la hapa halizunguki zunguki. Mwishoni mwa Machi hupita karibu kabisa na utosi, mnamo saa saba kasorobo mchana, na wakati huo macho ya mtoto hugeuka mashimo mawili meusi huku pua ikiangusha kivuli hadi kidevuni. Huo ndio wakati unaopendwa na familia nyingi, kwa kuwa wageni wameshafika na chakula hakijaiva. Wapiga picha wa Ulaya husifu nuru ya manjano ya asubuhi na ya jioni, ambayo kwao inaweza kudumu saa nzima na ushei. Kwetu jua huchomoza wima na kutua wima. Tangu lichungulie hadi lianze kuumiza macho una dakika arobaini hivi, mnamo saa moja asubuhi, mtoto akiwa kwenye uji na umande ukiwa kwenye kila kitu kingine. Jioni usiitegemee. Nimeshakwambia habari za saa tisa.

Kuna nuru ya tatu, ambayo mwongozo wowote wa heshima ungeificha: ile ya mawingu mepesi mvua ikishakatika. Mwanga unatandazwa sawasawa, hakuna kivuli kikali, majani yameoshwa, na udongo mwekundu unaurudishia uso joto kutoka chini. Ni bora kuliko nuru zote, haina malipo, na ndiyo saa ambayo kila mama wa Ogembo husimama mlangoni akitangaza, "Sitaki kuona mtu nje!" Mtii.

Kabla ya kuilaumu simu, futa lenzi. Nusu ya ukungu unaodhaniwa kuwa wa masika ni mafuta ya mandazi. Halafu ujue kwamba simu ikiona mtoto mweusi mbele ya mbingu nyeupe, itaihurumia mbingu. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo ili kamera imjali yeye, kisha pandisha mwanga kidogo. Dhuluma hii ni kongwe kuliko simu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipimia rangi kwenye kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi filamu ikaboreshwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Yaani uso wa mtoto wa Kigusii ulianza kuonekana vyema kwa hisani ya kabati. Mwaka 2021 Google ilitangaza kamera iliyorekebishwa kwa ajili ya ngozi kama zetu, na Tecno, ambazo ndizo zimejaa mifukoni mwetu, hunadi jambo hilo hilo. Kisha unafungua kamera na kukuta filta ya urembo imewashwa, inamlainisha mtoto, inampunguza pua na kumng'arisha hadi nyanya aulize huyu ni wa mlango gani. Kwa ajili ya mashindano, iache.

Mahali pa picha pasifanane na Ogembo. Wazazi wetu waliijua kanuni hii: waliteremka kutoka vilima vya kijani, wakalipa pesa studio, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa vilima vya kijani, chombo cha maua ya plastiki kando yao. Siku hizi watu huvamia majani chai. Shamba linapendeza kwelikweli likitazamwa kwa mbali, vichaka vyake vilivyochumwa sawasawa kama meza vikiteremka bondeni kuelekea Mto Gucha, lakini kichaka cha chai humfika mtu mzima kiunoni. Ukimtumbukiza humo mtoto wa miaka mitatu, utakuwa umepiga picha ya chai. Msimamishe kwenye njia ya wachumaji. Chuchumaa hadi simu iwe usawa wa macho yake, na magoti yako yalowe. Wengi hukataa hatua hii, wakapiga wakiwa wima, na kupata paji la uso kubwa, miguu iliyopotea na udongo mwingi. Migomba nayo ina kivuli kizuri, ila hupaka mashavu rangi ya kijani na kumfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa. Msogeze ukingoni.

Na kama tulipu zimekuuma roho kweli, tafuta mibuni. Wagusii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Kenya kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa, miaka ya 1930, na miti iliyobaki nyuma ya nyumba huchanua yote kwa pamoja siku chache baada ya mvua kukata kiangazi. Matawi hugeuka meupe hadi ncha, harufu inakufikia ukiwa barabarani, na baada ya siku mbili tatu maua yamesinyaa. Hakuna kitongoji cha Marekani kitakachokuweza hapo. Kwa bahati mbaya, siku hizo mbili tatu utakuwa ukiishughulikia suti.

Mtoto akishafika mahali pake, mpange. Mikono kando, visigino pamoja, sura ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Watu wazima wajipange nyuma yako na kila mmoja atoe amri yake: "Cheka!" "Si hivyo!" "Tazama huku!" "Toa kidole mdomoni!" Ajabu ya mtoto wa miaka mitatu ni kwamba anaweza kuzitii zote nne, moja baada ya nyingine, na wewe ukabonyeza kati ya ya pili na ya tatu. Wakati huo mjomba ataahidi biskuti. Tangu aahidi, humpigi tena mtoto picha, unampiga mdai.

Endelea hivyo hadi kumbikumbi watoke. Wao hawakungoja ruhusa ya mtu: mvua kubwa imenyesha, ardhi imelainika, wanachomoza kwa maelfu, na hakuna suti iliyoshonwa duniani inayoweza kumzuia mtoto mbele yao. Watakimbia mikono ikiwa juu na midomo wazi, mbawa zimewaganda kwenye nywele. Mmoja atajaza mfuko wa koti la Sabato. Mwingine atawala wabichi, tena kwa kuchagua wanono. Kicheko kitakachotoka hapo ni kile ambacho mjomba alishindwa kukinunua. Mpiga picha wa kweli angepandisha kasi ya shata hadi sehemu moja ya mia tano ya sekunde, au angebonyeza na kushikilia simu ipige mfululizo, kisha achague moja katika thelathini. Wewe weka simu mfukoni. Soksi ziko hatarini.

Picha ya kutuma ni ile ya mwisho kabla ya vurugu: watoto wamesimama mstari, hakuna anayecheka, wote wako ndani ya fremu. Itume kwa ubora wa juu, maana WhatsApp ikiachiwa hiari huikamua picha hadi chai na mtoto vikawa kitu kimoja. Bando likiisha katikati, kopa.

Jibu litaingia usiku. "Wamependeza sana. Huyu wa nyuma mwenye gambuti moja ni nani? Tutumieni yake peke yake." Hukumwona. Kuza picha: ni mtoto wa jirani, aliyewaona kumbikumbi kabla yenu nyote. Sweta imetoboka, kofia ya sufu imemfunika sikio moja, kiganja kimejaa, na amecheka hadi macho yamefumba. Ukiamka utakuta shangazi mmoja amemkata na kumweka kwenye stetasi yake, na shangazi wa pili amemchukua huko.

Hapo una shughuli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Sheria huyaacha mambo ya nyumbani nje ya mkono wake, na ukoo ungeweza kujitetea hivyo, lakini mama wa Ogembo hahitaji kamishna. Vaa viatu uende. Piga hodi, keti, kunywa chai yote, ulizia ng'ombe, kisha umwonyeshe.

Ataitazama simu kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo Amerika wamemwona na hii sweta?"

"Wamempenda, mama. Wanamtaka yeye tu."

"Na mdomo umejaa kumbikumbi."

Idhini atakupa, ila kwa sharti: kesho urudi saa saba mchana, atakapokuwa ameogeshwa na kuvalishwa suti, umpige vizuri.