Seva Ikizimia Pipeline Saa Mbili Usiku

Una seva ya Wi-Fi ya mtaa kwenye ghorofa mtaani Pipeline, Nairobi. Ndiyo inayopokea malipo ya M-Pesa na kumfungulia mteja intaneti. Saa mbili usiku mfumo endeshi wake unaanguka, na simu zinaanza kuita. Fanya hivi.

1. Ondoa kidole kwenye swichi. Ugonjwa sugu wa mafundi wa Eastlands ni kuzima, kuwasha, kisha kutangaza "imepona". Haijapona, imeamka tu. Ipige picha skrini kwanza. Ile mistari ndiyo ushahidi. Ukiipoteza utabaki kulaumu majini na majirani.

2. Iwashe, kisha usilale. Kwenye Linux iliyowekwa kuhifadhi kumbukumbu zake, andika journalctl -b -1 usome seva ilisema nini kabla ya kukata kauli. Diski imejaa? RAM imekwisha? Joto? Nani alikutuma uifungie kabatini chini ya mabati?

3. Ipe UPS yake, yaani betri ya akiba. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, ikapotea tena Desemba. UPS si ya pasi wala ya chaja za wageni. Iunganishe na seva kwa waya ili ijizime kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha, na uweke BIOS iiwashe stima ikirudi. Ongeza kernel.panic=10 kwenye mipangilio ya sysctl, ili kiini cha Linux kikikwama kwa hitilafu kubwa, mashine ijiwashe upya baada ya sekunde 10.

4. Usisasishe kwa pupa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani. Jaribu sasisho kwenye mashine nyingine kwanza, na usifute kiini cha zamani: ndicho utakachokimbilia kipya kikigoma.

5. Nunua ya pili. Seva isiyoruhusiwa kulala haiwezi kuwa peke yake. Kompyuta ya mtumba inatosha. Kila mwezi rejesha nakala ya data humo uone kama inafunguka.

6. Waambie wateja ukweli. Usizime simu. Kuna mwanafunzi anayewasilisha kazi ya chuo kabla ya saa sita usiku, na kijana anayelipa kodi ya nyumba kwa kazi za mtandaoni. Watumie ujumbe, kisha warudishie muda uliopotea. Aliyelipia saa moja apewe saa yake nzima.