Kuhusu Mwenye Boti Anayeamua Kuokoa Ujira wa Fundi

Vyombo vingi vinavyoegeshwa Ggaba, Munyonyo na Port Bell, upande ambao jiji la Kampala hukutana na Ziwa Viktoria, huendeshwa kwa injini inayoning'inizwa nyuma, ambayo fundi huifungua, akaibeba begani na kwenda kuitengeneza kivulini. Viko hata hivyo vichache, hasa boti za starehe, ambavyo injini yake hukaa ndani ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ilhali giaboksi na rafadha hutokeza nje kupitia tundu lililotobolewa kwa makusudi chini ya usawa wa maji. Mfumo huo, uliopata umaarufu baada ya kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi kuleta sokoni Aquamatic yake mwaka 1959, una faida nyingi na dosari moja ambayo hata mtoto wa chekechea angeiona, nayo ni kwamba chombo kimetobolewa.

Kinachozuia ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 lisiingie tunduni ni buti, yaani mfuko wa mpira wenye mikunjo, unaoufunika mhimili na kupinda pamoja nao kila usukani unapozungushwa. Kwa kawaida mabuti ni matatu: la mhimili, la moshi, na lile dogo la waya wa gia, ambalo husahauliwa kwa udogo wake ingawa nalo likipasuka laweza kukizamisha chombo. Pamoja nayo ziko sili, yaani pete za mpira zenye mdomo unaobana mhimili unaozunguka, na katika mhimili wa rafadha huwekwa mbili zikipeana mgongo, moja ikizuia oili isitoke na nyingine ikizuia maji yasiingie. Maji ya ziwa hili hayana chumvi, jambo linalowapa wenye boti faraja isiyo na msingi, kwa kuwa mpira huchakazwa pia na jua, na umri, na uzi wa nailoni wa nyavu za wavuvi, ambao hujiviringisha nyuma ya rafadha na kuila sili polepole mpaka oili ya giaboksi igeuke rangi ya chai ya maziwa.

Aionapo rangi hiyo, mwenye boti hulinganisha bei ya mipira na gharama yote anayotajiwa na fundi, akahitimisha kwamba tofauti iliyopo ni mali yake. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama Kampala ingekuwa mahali ambapo mtu huweza kufanya kazi peke yake. Katika maduka ya Kisekka, yanayojulikana kwa vipuri vya magari, muuzaji humuuliza kwa heshima, "Ssebo, ni ya Toyota gani?", na akielezwa kuwa ni ya boti haoni sababu ya kubadili swali, bali humletea buti la ekseli, akilivuta huku na huku ili kuthibitisha kwamba mpira ni mpira. Buti halisi huagizwa nje, na likiwa njiani mteja hupata muda wa kutosha wa kuitangaza nia yake kwa kila amjuaye.

Kwa sababu hiyo, siku ya kazi ifikapo, boti ikiwa juu ya trela, watazamaji huwa wamekwisha kufika. Wahenga walionya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo kilicho juu ya trela hakiwezi kwenda mrama, lakini nati zake zaweza, na huenda. Mmoja hushauri nyundo, mwingine hushauri nyundo kubwa zaidi, na wa tatu, aliyewahi kumwona binamu yake akifungua pikipiki, hushika uongozi.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni adabu. Gundi ya buti hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke kidogo, kisha buti hubandikwa kabla haijakauka kabisa, na katika dakika hizo chache ndipo hutokea mzee anayesema "Gyebale ko, ssebo", salamu ya Kiganda ya kumshukuru mtu kwa kazi yake. Salamu hiyo haijibiwi kwa mkato: huulizwa habari za nyumbani, za watoto na za kazi, kisha hurudishwa zote kwa aliyeuliza, na mkono wa mgeni haukataliwi hata mwenye boti akiwa na gundi mikononi. Baada ya kushukuriwa ipasavyo kwa kazi hiyo, mwenye boti huanza kuikwangua gundi iliyokauka.

Kazi ikikamilika, giaboksi hujazwa hewa kwa bomba la mkono na sili hupakwa maji ya sabuni ili mapovu yaonyeshe panapovuja. Kisha chombo hushushwa majini, na wote huinama kuitazama ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo maji hukusanyika. Ikibaki kavu, kila mmoja hukumbuka ushauri wake, na washauri hawaondoki na njaa. Ujira uliookolewa humalizikia kwenye soda na rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, na kwa kuwa fundi mmoja hula rolex moja tu, mwenye kukusudia kuifanya kazi hii peke yake na ahakikishe kwanza kwamba ana fedha za kutosha.