Jinsi ya Kutazama DVD Uliyopewa kwa Halali

Mahitaji: laptopu moja ya Linux, DVD moja orijino, kahawa chungu, subira kilo mbili. Mahali: barazani Mji Mkongwe, umeme ukiwepo.

1. Tia diski. Ami kakuletea kutoka Maskati, risiti imo ndani ya kasha. Kompyuta itakoroma, kisha itasema haiwezi. Usiipige. Diski ni nzima, ila imetiwa kufuli liitwalo CSS, la biti 40, kongwe la tangu 1996.

2. Kagua kanda. Wenye filamu wameikata dunia mapande: Oman kanda 2, Zanzibar kanda 5 pamoja na India. Kaskazi ilileta majahazi ya Oman karne ngapi, haikuujua mpaka huo. Kisoma-diski hukubali kubadilishwa kanda mara 5 tu. Ni kama talaka: ya mwisho haina rejea.

3. Omba leseni. Wenye kufuli hutoa ufunguo kwa anayelipa na kula yamini ya kuuficha. Linux ni programu huria, kila mstari wake uko wazi. Basi mwambie muuza urojo wa Forodhani achanganye mbele ya wateja, ila wasione anatia nini.

4. Au vunja kufuli. Mwaka 1999 Jon Lech Johansen, kijana wa Norwei wa miaka 15, alishiriki kutoa programu ya kulivunja, DeCSS. Akashtakiwa, mwaka 2003 mahakama zikamwachia mara mbili, kwani DVD alikuwa kainunua mwenyewe. Leo kwa kazi hiyohiyo ipo libdvdcss ya VideoLAN, Ufaransa. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, haiji nayo, kwa kuchelea sheria za kukataza kuvunja kufuli, kama ile ya Marekani ya 1998. Inakuonesha njia tu. Kusakinisha usakinishe mwenyewe, na dhambi iwe yako.

5. Tafuta sheria yako. Hakimiliki si jambo la Muungano: Bara wana sheria ya 1999 na ofisi ya COSOTA, sisi tuna ya 2003 na COSOZA. Sheria mbili, ofisi mbili, filamu hata moja haijaanza.

6. Ukichoka, kijana wa jirani anayo filamu hiyohiyo, kopi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Haina kufuli, haina kanda, haikuulizi kwenu wapi. Inaanza kabla kahawa haijapoa.

7. Jioni ami atapiga simu kuuliza zawadi imekuwaje. Mwambie kasha lake zuri mno.