Uvivu wa Heshima: Tanga hadi Pangani kwa Kayaki

Unataka kupiga kafi kwenye pwani ya mawe, uvue samaki wa kupigia picha, ulale kwenye hema, kisha urudi mjini watu wakuite nahodha. Vizuri sana. Yote hayo yanapatikana bila kutoka jasho jingi. Wanaoumia baharini ni wale wanaotaka kuonekana hodari wakiwa majini. Wewe onekana hodari ukisharudi. Fuata hatua hizi, na siri ibaki kati yetu.

1. Upepo ufanye kazi yako

Njia yetu inaanzia Mwambani, kusini ya mji wa Tanga, na kuishia Pangani. Kwa barabara, kutoka Tanga mjini, ni kama kilomita 50. Kwa kayaki ni siku tatu za starehe. Utapita visiwa vya Yambe na Karange, mikoko ya Tongoni na kijiji cha wavuvi cha Kigombe. Njiani utakuta kuta za mawe ya matumbawe ambazo mawimbi yamezila chini, zikabaki zimening'inia kama upenu wa nyumba. Chini ya upenu huo hakuna pa kushukia, ndiyo maana kazi yote ya kufikiri tunaimaliza nchi kavu.

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi na kukusukuma kusini, basi toka Tanga uende Pangani. Kusi ikishika zamu kuanzia Aprili au Mei, geuza safari, anzia Pangani. Ila kusi ya Juni na Julai waachie wenye vyombo vikubwa. Majira yetu sisi ni mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, kaskazi imeshachoka na mvua za masika hazijaanza.

Safari ni ya kwenda tu. Kurudi ni basi. Ukiulizwa kwa nini hukurudi kwa kafi, sema samaki wangeharibika.

Kabla ya kuondoka sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, rudi kitandani. Hakuna kisingizio chenye heshima kuliko hicho, maana kinasomwa kwenye taarifa ya habari. Kitumie bila haya.

2. Panga kwa mwezi, usipange kwa wikendi

Hapa ndipo mvivu mwenye akili anapomwacha mbali mwenye misuli. Wakati wa bamvua, maji ya pwani hii hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Mahali ulipopita ukielea alfajiri, baadaye kina mama wanapita kwa miguu wakitafuta pweza.

Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa piga hesabu. Ukianza safari siku tatu baada ya mwezi mpevu, maji yatajaa kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, wakati ule ule unaotaka kuondoka. Kayaki inaelea karibu na hema lako, huiburuti popote. Tena maji yanaelekea kuwa mafu, kwa hiyo kila usiku yanaishia chini kidogo ya yalipofika usiku uliotangulia. Utalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Wenzako watapanga Ijumaa hadi Jumapili kwa sababu ndivyo ofisi inavyowaruhusu. Waache. Watakuta maji yamepwa, wavute kayaki juu ya matumbawe na majani ya bahari, wakigombana nani alichagua tarehe.

3. Kodi mtu anayejua, halafu mtoe kwenye picha

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiiruka hii, usiende.

Shuka ufukweni, mtafute nahodha mtu mzima mwenye ngalawa au mashua ndogo ya injini. Msalimie: "Shikamoo, nahodha." Akishaitika marahaba, kaa chini, uliza habari za nyumbani, za bahari, za samaki. Usikimbilie bei. Kisha mwambie ukweli wote: una kayaki, hujui kitu, na unataka kufika Pangani mzima. Watu wa bahari hawamcheki anayesema hivyo. Wanamcheka anayesema anajua.

Mkubaliane mapema ujira wa siku, mafuta ya injini na chakula. Usimpunje, huyu ndiye roho yako. Yeye atabeba hema, maji, sufuria, mkaa na kila kilicho kizito. Atakutangulia kwenye milango ya miamba, na kwenye maji wazi atakaa nyuma yako. Mwangalie anavyofanya kazi, maana ni elimu isiyopatikana kwenye ramani ya simu. Anachagua alama mbili za nchi kavu, tuseme mnazi mrefu na paa la msikiti nyuma yake. Vikikaa mstari mmoja, mlango uko mbele, pita. Mnazi ukihama kushoto ya paa, chini kuna jiwe. Mvuvi mmoja ana alama za namna hiyo tele kichwani, na alifundishwa na baba yake.

Kuhusu picha usihangaike. Mpe simu kijana wake akupige kutoka ndani ya ngalawa. Hivyo ngalawa haitaonekana hata siku moja, na wewe utakuwa peke yako na bahari.

Angalia na kalenda. Kama ni Ramadhani, nahodha amefunga. Fupisha mwendo wa siku, mfike mapema, na futari mle pamoja.

4. Vaa, funga, twende

Jaketi okozi livae kutoka ufukweni hadi ufukweni. Najua linaficha kifua. Chukua la rangi ya chungwa, kwenye picha linakufanya mtaalamu. Filimbi shingoni, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kofia yenye kamba, lita 5 za maji kwa mtu kwa siku. Tende, korosho, chapati. Basi.

5. Piga kafi asubuhi tu

Alfajiri kuna umande, ule upepo mwepesi unaotoka nchi kavu wakati bahari bado imelala. Ondoka nao. Mtu wa kawaida anakwenda kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo saa tatu za kazi zinakupa kilomita 15, na siku yako imekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Upepo wa baharini ukiamka mchana, wewe uko chini ya mwembe na dafu mkononi. Kaa karibu na nchi kavu, lakini kuta za mawe zipite kwa mbali. Wimbi likikusukuma chini yake hakuna wa kukutoa kwa urahisi.

Ukikwama juu ya mwamba, usishuke kwa pupa wala usisukume kwa mguu mtupu. Kaa, kunywa maji, mwite nahodha, na ujue uko pamoja na watu wakubwa. Aprili 1498 merikebu São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda fungu maeneo haya haya, mbele ya Mtangata, ambako leo ni Tongoni. Wareno hawakufanya ujanja wowote. Walingoja. Wenyeji wakawafuata na mitumbwi, mmoja umejaa machungwa ambayo Wareno waliyasifu kuwa mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa, merikebu ikaelea. Januari 1499 walirudi, kiseyeye kimewamaliza mabaharia, na kwa kukosa watu wa kuiendesha wakaichoma moto hapo hapo.

Vitabu vinawaita mashujaa. Kwa hiyo ukisimulia, anza na Vasco da Gama, kisha endelea: "Na mimi pia pale pale." Kwa tarehe tulizopanga, ukikwama asubuhi na ngalawa isiweze kukufikia, maji yatakurudia alasiri. Ndiyo maana chapati zinakaa kwenye kayaki, si kwenye ngalawa.

6. Samaki

Kwanza mambo ya sheria, yaishe. Sehemu kubwa ya njia yako imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Pita ofisini kwao, uliza vibali, ada na mahali panaporuhusiwa kuvua. Ushike ukweli huo vizuri, nitakuonyesha faida yake.

Sasa mshipi. Uzungushie kwenye chupa ya plastiki, funga nyuzi za kiroba cheupe juu ya ndoana, uache nyuma yako mita 20 au 30 na uwe unarambaza huku unapiga kafi. Unavua bila kufanya kazi ya ziada, na hiyo ndiyo imani yetu. Lakini usiuzungushe mkononi wala kwenye kifundo cha mguu. Kolekole wa kilo chache akivuta ghafla, nailoni inakata ngozi hadi nyama na kayaki inalala ubavu. Upitishe chini ya paja. Akila, unamsikia, akikushinda, unanyanyua paja na mshipi unakwenda zake. Bunju akija, mrudishe, ana sumu.

Labda utapata kibua. Labda hutapata kitu. Hapo ndipo Kigombe inapokuja kukuokoa. Vyombo vikirudi, nenda panaponadiwa samaki, simama kando, usikilize bei mpaka uelewe mwendo wake. Kisha nunua. Chagua nguru, ana umbo la kishujaa. Funua shavu: liwe jekundu la damu, si la kahawia. Jicho litune na kung'aa. Mbonyeze kwa kidole, nyama irudi.

Kuna udanganyifu mmoja ambao siuruhusu. Pwani ya Tanga imeteswa na baruti kwa miaka mingi. Mlipuko mmoja unaua wakubwa na wachanga pamoja na kugeuza matumbawe kuwa kifusi, na kifusi hakizai samaki. Samaki wa baruti ni laini kama aliyechemshwa, uti wa mgongo umevunjika, na ukimpasua tumbo limejaa damu. Huyo usimnunue hata kwa bei ya kutupa, na usimpige picha. Mwenye mshipi analala macho usiku mzima kumpata nguru mmoja. Fedha yako iende kwake.

Ukishamlipa, mchovye samaki baharini ili atoke akichuruzika. Mshike kwa mikono miwili, mnyooshee mpiga picha mpaka viwiko vyako vifichike nyuma yake. Ameongezeka mara mbili. Ukiulizwa umempata wapi, jibu: "Kigombe." Hujasema uongo.

Na kama mnada umekwisha na huna kitu? Mtumie silikanti. Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku Tanga, miaka ya 2000, wavuvi walianza kumkuta kwenye majarife ya kina kirefu, mmoja baada ya mwingine, na ndiye aliyeipa hifadhi jina. Rudi mikono mitupu, kaa kimya kidogo, useme: "Yale ni maji ya silikanti. Sikutaka kumsumbua." Watakuongezea chai. Na kweli, tusimsumbue.

7. Kulala

Usipige hema bila hodi. Mwulize nahodha nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji ni wapi, nendeni wote wawili, ueleze shida yako. Utaonyeshwa mahali pazuri kuliko pale ulipokuwa umepakodolea macho, na usiku watu watajua upo.

Kimbia mikoko, ina usubi na mbu. Kimbia kivuli cha mnazi, nazi haipigi hodi. Kisha tembea ufukweni utafute mstari wa majani makavu, vijiti na takataka ambao maji yaliuacha. Kwa kawaida ipo mistari miwili au mitatu. Lala juu ya ule wa juu kabisa, uongeze hatua kadhaa.

Ukifika Pangani utamsikia mtu akisema mwende kulala Maziwe, kisiwa cha mchanga mweupe katikati ya bahari. Mwache aendelee kusema. Maziwe ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, wakati ikiwa bado na mivinje. Miti ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa bamvua ikijaa kisiwa chote kinazama. Mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufukweni Ushongo yasife maji. Kama kasa wanahamishwa, wewe na hema lako mnatafuta nini? Nenda mchana na mashua, angalia samaki ndani ya maji, usivue, rudi.

8. Simulizi

Mlipe nahodha kilichobaki kabla hujakausha nguo, na uongeze kitu. Chukua namba yake ya simu.

Nyumbani simulia kidogo. Onyesha picha mbili tu, ya kafi na ya nguru, na wakianza kuuliza maswali mengi lalamikia bega. Watakuomba uwapeleke. Kubali papo hapo, kwa furaha, na uwape tarehe ya katikati ya Julai. Kusi itawakatalia kwa niaba yako. Akibaki mmoja anayeng'ang'ania hadi Februari, huyo ana nia ya kweli. Mpe namba ya nahodha, na umwambie aanze na shikamoo.